Kufuma, Kufumania, Kufumua

4 Februari

Dada Profesa,

Shikamoo. Kurasa kumi na mbili za mwisho ndizo hizo. Nimezitia kadibodi mbele na nyuma, maana zile za mwezi uliopita ulisema zimefika zimepinda kama nimezikalia. Sikuzikalia. Posta ndio walizikalia.

Usinipigie simu kuhusu haya ninayoandika. Simu anayo mama, na tangu macho yaanze kumfifia anaweka spika, anaishika mbali na sikio kama itamng'ata, mtaa mzima unasikia. Barua iliyo ndani ya bahasha ya michoro hakuna atakayeisoma ila wewe.

Kitabu cha pili ndiyo kimekwisha hivyo. Yule mwanamke wa Kigiriki mwenye nyoka kichwani nimempa nyoka thelathini na saba, kila mmoja na sura yake. Wa mwisho kushoto ni mwalimu wetu wa hesabu, mwangalie vizuri utacheka. Viputo vya maneno nimeviacha vitupu kama kawaida yetu: mimi nachora mdomo ukiwa wazi, wewe unakuja kuusemesha.

Sasa la mama. Daktari wa macho hakuzunguka. Amesema mwaka huu ukiisha atakuwa haoni kitu. Mama akamjibu, "Asante, mwanangu," kama ameambiwa kesho itanyesha. Tulipotoka nje akanishika mkono akasema, "Haya, nisomee yale mabango." Akayasoma yeye. Herufi kubwa bado anaziona.

Ndiyo maana nauliza tena, na usiseme nakusumbua: jina langu litaingia lini kwenye jalada? Hadithi, fulani. Michoro, fulani. Basi. Mama ametarizi majina ya watoto wa watu kwenye sare za shule miaka thelathini, sweta kwa sweta. Anataka kuliona la mtoto wake limechapwa mahali kabla hajaingia gizani. Na mimi nataka alione. Sitaki kingine, dada. Kingine chochote chukua.

Mdogo wako,
Kifutio


19 Februari

Kifutio wangu,

Marahaba. Kila nikiliandika jina hilo nakuona una miaka sita, unachora, unafuta, unachora, unafuta, mpaka daftari linatoboka na mama anakufukuza na rula. Nilikupa mimi jina hilo na limekukaa.

Kurasa zimefika zimenyooka. Nimejaza viputo kwa siku moja na nusu. Kuhusu mwalimu wa hesabu, sikumwona. Mimi nasoma viputo tu, michoro yako naiamini. Mtu anayechora tangu utotoni hahitaji kusimamiwa.

Habari za mama zimenikata maini. Lakini jalada, mdogo wangu, si ubao wa kuandikia mapenzi. Mhariri wetu ni mtu wa taratibu: mchoraji asiyejulikana hatiwi kwenye jalada mpaka vitabu vitatu viwe vimetoka. Nimekutetea mpaka nikaonekana mjinga. Na usiniulize nakala za kitabu cha kwanza, cha mabawa ya nta. Shule zimezimaliza zote, hata mimi sina.

Kitabu cha tatu ni cha Arakne. Najua hukumsoma, kwa hiyo nakupa kwa ufupi. Arakne ni msichana mfumaji, hodari, mdomo mrefu. Anajisifu kwamba anafuma kuliko mungu mke Athena, aliyeanzisha ufumaji wenyewe. Athena anakuja, wanashindana. Athena anafuma ukuu wa miungu. Arakne anafuma maovu yao yote, waliyemdanganya na waliyemwonea. Na kitambaa chake hakina kasoro! Athena anakichana vipande, anamgeuza msichana buibui. Watoto watapenda, kuna buibui.

Ombi moja. Athena usimfanye mkavu kama askari wa geti. Mpe uso wenye heshima. Mpe pua yangu, kwa mfano, niwe nimeingia kwenye historia.

Dada yako


10 Machi

Dada Profesa,

Shikamoo. Athena ameshapata pua yako. Imembidi apewe na kofia kubwa ya vita, ili ipate pa kuegemea. Natania!

Lakini huyu Arakne umeniletea ugomvi na roho yangu. Nimesoma maelezo yako mara nne. Alikosa nini? Alisema anajua kufuma, na alijua. Akafuma kweli tupu. Halafu mwenye kushindwa ndiye anayeadhibu? Mama naye, nilipomsimulia, alitema uzi aliokuwa ameushika mdomoni, akasema huyo mungu ana wivu wa mafundi na yeye amewajua wengi wa namna hiyo.

Tumecheka sana na neno lenyewe. Mama anasema kazi hii yote ni neno moja tu: ukitengeneza, unafuma. Ukibomoa, unafumua. Na mtu ukimkuta katikati ya uovu wake, umemfuma, umemfumania. Kwa hiyo Arakne alifanya la kwanza na la tatu, Athena akafanya la pili. Mwandike hivyo, watoto wataelewa.

Mama sasa ananitambua kwa hatua. Akishika sweta anaweza bado kusema ni la nani: analigeuza, anapitisha kidole gumba kwenye shingo, anasoma mshono. Anafumba macho kabisa akifanya hivyo, anasema yanamchanganya. Ila kitabu hakina mshono. Kitabu kinataka macho, na macho yanakwenda.

Dada, nakupigia magoti. Hata nakala moja. Hata jalada tupu lisilo na kitabu ndani.

Kifutio


2 Aprili

Mdogo wangu,

Haya, umenishinda. Ndani ya bahasha hii kuna jalada la kitabu cha kwanza. Soma chini ya mabawa. Mhariri amekubali kuvunja utaratibu wake kwa ajili ya mama, na chapa mpya yote inatoka hivyo.

Mwoneshe mama upesi. Usimwambie mtu mwingine kwa sasa, wachoraji wengine watamjia juu mhariri wa watu.

Kurasa za Arakne nazitaka kufikia mwisho wa Mei. Na usimwonee huruma sana huyo msichana. Alijitakia.

Dada yako


15 Aprili

Dada yangu, dada yangu, dada yangu,

Shikamoo mara mia. Sijui nianzie wapi.

Nilimkalisha mama mlangoni kwenye mwanga. Akachukua kile kioo cha kukuzia anachotumia kutungia uzi kwenye sindano. Akasoma jina lako kwanza, harakaharaka. Halafu akateremka kwenye langu, herufi moja, herufi moja, midomo inacheza, kama anahesabu mishono. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Mara tatu, dada! Kisha akapitisha kidole, akasema, "Halina mshono, lakini limo."

Akalia. Nikalia. Mwalimu jirani akaja mbio akidhani tumefiwa.

Jalada liko ukutani juu ya cherehani. Kila mteja anayeleta sare lazima alisome kwa sauti, asipolisoma sare yake haipokelewi. Nimemwambia mama anawafukuza wateja, amenijibu waende.

Niliwahi kukuwazia vibaya, dada, nisamehe. Nilidhani unanipiga chenga. Kurasa zako nitazimaliza kabla ya muda, na kitambaa cha Arakne nitakichora uzi kwa uzi. Ukurasa mzima mara mbili, bila kiputo hata kimoja. Acha watu watazame.

Mdogo wako anayekupenda,
Kifutio


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Kurasa zote arobaini za Arakne hizi hapa. Viputo vipo pale ulipovitaka. Kile kitambaa kiko ukurasa wa thelathini na thelathini na moja.

Nina swali dogo tu. Mwalimu jirani anasema maktaba ya shule yao imeletewa kitabu chetu cha kwanza, chapa mpya. Jalada lake liko kama lile ulilotutumia?

Kifutio


3 Juni

Kifutio,

Marahaba. Swali gani hilo? Liko kama lile lile, herufi kwa herufi. Ukikiona, mpe mama akishike.

Arakne umemfanyia kazi. Viputo vimenichukua siku moja tu, vyote vimekaa sawa, na siku ya pili nilikuwa nimeshampelekea mhariri. Hicho kitambaa chako sikuwa na muda wa kukipekua kila uzi, hakina maneno, kwa hiyo hakikunihusu. Kimeshakwenda mtamboni.

Msalimie mama. Mwambie binti yake mkubwa anamkumbuka kuliko anavyodhani.

Dada yako


30 Agosti

Profesa,

Shikamoo sikupi leo.

Nimekufuma.

Nilipokuandikia tarehe ishirini Mei kile kitabu cha shule kilikuwa mapajani mwangu. Chapa mpya. Chini ya mabawa yangu, niliyoyachora unyoya kwa unyoya, pameandikwa: Hadithi na michoro, halafu jina lako. Peke yako, umekaa umejinafasi. Nikakuuliza hata hivyo. Nilikuwa nakupa nafasi, dada. Ungesema "nisamehe" ningekuchorea kurasa mbili nyingine za kuwekwa badala ya zile. Ukaniandikia "herufi kwa herufi."

Kwa hiyo umekwenda kuchapa jalada moja tu, moja, la kumdanganyia kipofu! Mama yako mzazi. Alilisoma mara tatu.

Sasa kifungue kitabu cha tatu, ukurasa wa thelathini. Najua hujawahi kukitazama, wewe unasoma viputo. Tazama kitambaa cha Arakne. Pembe ya juu kushoto, mwanamke mwenye pua yako anabandua jina kwenye mchoro kwa kucha. Katikati, mwanamke huyo huyo anamkabidhi bibi mmoja jalada, na bibi ana kioo cha kukuzia, anatabasamu. Chini, mwanamke amesimama jukwaani, watoto wanampigia makofi, na nyuma ya pazia kuna mkono unachora. Mkono tu. Na pindo lote la kitambaa, kuzunguka kurasa mbili, limefumwa jina langu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne amelihesabu: mara kumi na tisa. Limo ishirini na moja, lakini amejitahidi.

Watoto wanaona, dada. Wanakaa na ukurasa mmoja asubuhi nzima. Wamemwandikia mhariri kutoka shule tatu: huyu aliyeandikwa pindoni ni nani? Mhariri ameniandikia mimi, kupitia kwa mwalimu jirani. Kumbe hajawahi kusikia kwamba nipo! Ameniita tarehe ishirini Septemba nikachore mbele yake, na wewe, amesema, atakusikiliza baada yangu. Chapa ya pili itatoka na jina langu mbele, kabla ya lako.

Mwalimu jirani atamwangalia mama siku tatu. Sijamwambia kitu. Nitamwambia nikirudi na jalada la kweli mkononi, akiwa bado anaona mwanga. Wewe kaa huko ujipange namna ya kuwatazama watu usoni. Natamani ningekuwepo, nikachora hiyo sura.

Mimi,
ambaye jina langu unalijua


24 Septemba

Kifutio,

Tulipishana njiani. Wewe ulikuwa unapanda ngazi za mhariri na penseli zako, mimi nilikuwa nashuka kwenye teksi mbele ya mlango wa mama. Asante kwa kunitajia tarehe.

Mwalimu jirani ni mtu mwema. Nilimwambia nimepata nafasi kwa daktari bingwa wa macho na hawezi kusubiri hata siku moja. Akanisaidia kufunga mizigo. Mama alikuita kwanza. Alisimama mlangoni akaita mara mbili, akidhani umesharudi. Nikamwambia bado uko safarini. Akauliza umekwenda kwa nani hasa, maana hukumwambia. Nikamwambia ukweli, sikuongeza chumvi: amekwenda kwa mhariri kunifukuzisha kazi.

Aliketi juu ya mzigo wa nguo. Akasema, "Kifutio?" Nikamsomea barua yako ya tarehe thelathini Agosti. Si yote. Kuanzia "shikamoo sikupi leo" mpaka "nikachora hiyo sura," nikiruka hapa na pale. Unaandika vizuri ukiwa na hasira, unajua? Una maneno kuliko nilivyodhani.

Bingwa alimwona juzi. Amesema tumechelewa, na kwamba mwanga uliobaki ni wa wiki, si wa miezi. Hilo nalo sikulizua mimi. Leo asubuhi aliniuliza kwa nini sijafungua pazia, na pazia lilikuwa wazi.

Jalada lako la ukutani nimelibandua nikalitupa. Mchana huwa namsomea vitabu vyetu. Anavipenda mno, anacheka panapochekwa. Jana aliniuliza, "Na mdogo wako, alifanya nini humu?" Nikamwambia: alipaka rangi.

Usishangae hivyo. Picha zako haziingii masikioni, mdogo wangu. Kwa mama sasa hadithi ni maneno, na maneno ni yangu. Na usijione wewe ndiye uliyeonewa katika nyumba ile. Sweta yangu ya shule haikuwa na jina. Alikuwa hajajifunza kutarizi bado, ndivyo alivyoniambia kila nilipouliza. Alipojifunza, wa kwanza kutariziwa ulikuwa wewe, kwa uzi mwekundu, nami nikawa nakushika mkono njiani watu wakisoma shingo yako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sijasahau.

Mhariri ananisubiri wiki ijayo. Nimehama nyumba, ila sanduku la posta ni lile lile.

Dada yako


9 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Shikamoo, dada yangu.

Nimesimama kwenye geti la nyumba yako ya zamani siku mbili. Mlinzi mwishowe alinipa kiti. Hajui mlikohamia, au amekatazwa kusema. Simu ya mama imezimwa. Nimezunguka hospitali zote za macho nikiuliza bibi mrefu, fundi wa sare, ana kovu la sindano kwenye kidole gumba. Ya mwisho waliniuliza jina la mgonjwa nikawatajia, wakaniuliza aliyemleta ni nani nikawatajia, halafu wakafunga daftari, wakasema ndugu wa mgonjwa ameomba asitembelewe.

Sina ujeuri tena. Umeshinda. Nilikuandikia ile barua nikiwa nimevimba kichwa, nikakusemesha kama si dada yangu, na nikakutajia siku. Kosa langu. Hilo la sweta sikulijua. Kweli tena, nilikuwa mtoto wa miaka sita, nilidhani kila mtu analo jina shingoni.

Nimekufungia vitu viwili. Cha kwanza ni barua kwa mhariri, ina saini yangu. Nimeandika kwamba michoro yote ni kazi yako, na kwamba lile jina la pindoni nililiingiza kwa hila wakati nasaidia. Nimeandika: mimi nilipaka rangi tu. Mpelekee. Akiniita tena nitachora vibaya makusudi.

Pamoja na hiyo zimo kurasa za kitabu cha nne, kile ulichoniagiza kabla ya ugomvi. Zichukue, hazina jina popote, hata kwenye nyasi. Wape watu wakague.

Cha pili ndicho ninachokuombea hayo yote. Mhariri alikuwa amenipa jalada la majaribio la chapa ya pili, lile lenye jina langu. Halitachapwa tena sasa, najua. Nimelitarizi. Nimepita juu ya kila herufi ya jina langu kwa sindano na uzi mwekundu wa mama, mshono ule ule wa kwenye sweta, na kwa nyuma nimefunga fundo kama alivyonifundisha. Kadibodi ni ngumu, vidole vimetoboka, lakini limenyooka. Mama hahitaji macho kulisoma. Atapitisha kidole gumba.

Mpe tu. Usimwambie kitu, wala usinisifie. Mpe alishike, alisome, ajue nilikuwemo. Baada ya hapo mwambie lolote unalotaka kuhusu mimi maisha yako yote.

Mdogo wako,
Kifutio


28 Oktoba

Kifutio wangu,

Marahaba.

Vitu vyako vimefika salama. Barua nilimpelekea mhariri siku hiyo hiyo. Aliisoma, akaniomba radhi, akaniletea na chai. Anasema alishaanza kushuku kwamba mwanamke yule ana tatizo la kichwa. Sikukutetea, lakini sikukuongezea. Chapa ya pili itatoka na pindo jipya, la maua. Kurasa za kitabu cha nne ni nzuri. Viputo umebana sana.

Sasa jalada lako. Nakupongeza, mshono ulikuwa safi. Nimekaa nalo mezani muda mrefu, nikapitisha kidole changu mwenyewe nikiwa nimefumba macho, na nikalisoma. Nilitaka kujua mtu anasikiaje. Halafu nikachukua sindano butu ya mama, ile ya kwenye kopo la vifungo, nikafumua. Herufi kwa herufi. Uzi haukukatika hata mahali pamoja, maana ulifunga fundo vizuri, nikalifungua tu nikavuta.

Usifikiri nilimnyima. Nilikuahidi moyoni kwamba nitampa, na nikampa. Nilimwekea mapajani nikasema, "Mama, hii imetoka kwa Kifutio." Uso wake ukaamka. Akalishika kwa mikono miwili, akalinusa. Akapitisha kidole gumba. Nilikuwa nimesahau matundu, mdogo wangu. Kadibodi haijifungi kama sweta. Akayasoma matundu. Herufi ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho, kwa sauti, jina lako lote, bila kukosea.

Nakiri nilishtuka. Nikangoja.

Akarudi mwanzo, akapapasa tena, polepole. Kisha akauliza, "Mbona limefumuliwa? Nani kafumua?"

Nikamwambia: yeye mwenyewe, mama. Alilishona, halafu akalifumua akakuletea hivyo. Amesema hataki jina lake likae nyumba moja na wewe.

Hakulia. Alikaa ameliweka gumba kwenye tundu la mwisho kama mtu anayeziba kitu kisivuje. Baadaye akaniambia niliweke kabatini mbali, na kopo lake la sindano nilitoe kabisa chumbani. Tangu siku hiyo hajashika uzi. Nikimsomea hacheki, lakini anasikiliza. Jina lako hajalitaja.

Uzi wako nakurudishia ndani ya bahasha hii, nimeuzungushia kijiti cha kiberiti ili usijifunge. Wote umo.

Kitabu cha tano ni cha yule msichana wa mwangwi, aliyenyang'anywa maneno yake akabaki kurudia ya wenzake. Kurasa arobaini, bila jina popote. Nazitaka kabla ya tarehe kumi Desemba. Ukiziwahisha, nitamwambia mama umeomba msamaha.

Acha viputo vikubwa.

Dada yako